Picha za Jumapili Kutoka Mlango wa Jikoni

3 Machi

Kwako Babu, mume wangu nisiye na mwingine,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema ule wanachokupa na usibishane na manesi. Mimi mzima, Mkaguzi mzima, nyumba nayo bado imesimama. Wasiwasi wetu wote tumeufunga tukautuma huko uliko wewe na mguu wako, basi utujibu kweli: kidonda kinasemaje?

Saluni kazi haikosi. Tangu nihamie humu kwako wateja wamezidi, maana njia ni fupi na sichelewi tena. Jana nimemsuka bibi harusi mtarajiwa aliyelia kuanzia nywele ya kwanza hadi ya mwisho. Sijui analilia nywele au analilia bwana.

Sasa sikiliza. Kamera yako ndogo nimeiweza! Filamu ya kwanza nimeichukua studio jana, nikarukaruka pale kaunta mpaka mwenye studio akaniuliza kama nimefaulu mtihani. Nimekuwekea zote humu, hata zile za aibu. Ile yenye kitu chekundu kikubwa ni kidole changu. Ile yenye mkia usio na paka ni Mkaguzi, alikataa kusimamisha ukaguzi wake kwa ajili yangu. Lakini ile ya chini kabisa, Babu! Nimesimama palepale uliponionyesha, mlango wa jikoni, Jumapili asubuhi kabla ya chai, jua mgongoni. Nyanya zote zimo, mstari kwa mstari, zimeanza maua. Mkaguzi amekaa mwanzo wa tuta, utadhani ndiye aliyezipanda. Na juu nimeacha nafasi ya mbingu, kama ulivyonifundisha.

Jirani yetu fundi bomba alichungulia juu ya ukuta wake akauliza nampiga nani picha. Nikamwambia nyanya za Babu. Akasema, "Zipige sasa hivi, zikikua zitaona aibu." Kumjibu nimekuachia wewe, ni adui yako, si wangu.

Kila Jumapili nitapiga. Wewe pona tu, urudi.

Mkeo,
Msusi


19 Machi

Msusi, mke wangu kijana,

Marahaba, tena marahaba nyingi. Mwambie mama yako sibishani na manesi, wao ndio wanaobishana na mimi. Chakula nakula. Hakina chumvi, lakini nakula.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, wodi nzima kimya. Picha ya kidole imezunguka vitanda vyote. Mzee mmoja wa kule mlangoni, haoni vizuri, kasema ni jua linazama, tena kalisifu sana. Nikamwacha na jua lake.

Ile ya bustani nimeibandika ukutani kando ya kitanda kwa plasta ya vidonda. Umenipa kitu, Msusi! Nimeiangalia mpaka nimesikia harufu ya majani ya nyanya mikononi. Ila punguza maji tuta la mwisho, majani yamejikunja, nimeyaona. Na huyo fundi bomba mwambie nyanya zake ni za kupikia mbwa.

Mimi huku napiga mbingu. Dirisha langu linatazama paa la jikoni ya hospitali, na juu ya paa mawingu yanapita. Nimekuwekea moja lenye umbo la brashi iliyokauka na rangi. Mwingine humo ni paka wa jikoni, mnene, hakagui chochote.

Halafu sikia hili, maana tumelizungumza wodini jana. Mimi na kamera yangu tumepiga radi, tumepiga upinde, tumepiga ukungu na vumbi na umande juu ya utando wa buibui. Mvua ya mawe, sijawahi! Maisha yangu yote! Kila inapoanguka nyumbani mimi niko mtaa mwingine juu ya ngazi, napaka ukuta wa watu, na kwao hata tone halidondoki. Nikirudi naambiwa, "Lo, umekosa!" Ikija nikiwa huku usipoipiga, talaka.

Daktari ameufungua mguu, akautazama, akaguna. Anasema dawa nusu iko kwenye chupa, nusu ni moyo wa mgonjwa mwenyewe. Nikamwonyesha ukutani: moyo wangu ule pale, nimeubandika. Akasema, "Basi mwambie huyo anayekutumia asiache." Umesikia? Usiache.

Mumeo,
Babu


6 Aprili

Babu mpenzi,

Shikamoo. Huku wote tunacheka na kula. Mama alikuja Jumamosi, kaondoka na mchicha. Wewe huko umeamkaje?

Unauliza hali ya hewa? Nzuri tu. Ya kawaida kabisa. Jua kidogo, mvua kidogo, ndiyo hivyo, hakuna hata la kuandika. Kioo cha dirisha la jikoni kimevunjika lakini tumeshaweka kingine. Na bati mbili tatu za jikoni tumebadilisha, zilikuwa zimechoka.

Picha hizo hapo! Safari hii nimebadilisha pembe. Mlango wa jikoni nimeuchoka, Babu, mpiga picha lazima ajaribu mambo mapya, si ndivyo ulivyosema? Basi nimesogea karibu. Ona nyanya! Ona zinavyoning'inia! Ona na pilipili hoho! Mkaguzi hakutaka kukaa, ilibidi nimbebe hadi pale na kumkalisha kwa nguvu. Mikono yangu imejaa mikwaruzo, wateja saluni wananiuliza siku hizi nasuka paka.

Usijali kitu chochote. Wewe angalia picha, umeze dawa, upone. Kazi ya bustani iachie bustani.

Wako,
Msusi


24 Aprili

Mke wangu,

Marahaba. Naendelea. Dada yangu, bibi yako mdogo anayekaa mtaa wa nyuma ya hospitali, anakuja kila siku na chupa ya uji, anawasalimu.

Hizo ndizo nyanya! Jamani! Nimezibandika juu ya zile za kwanza. Nimemwita daktari, nimemwita mfagiaji, nimemwita na dereva wa gari la wagonjwa aliyekuwa anapita zake. Nikawaambia, hawa ni wanangu. Tangu nianze kulima sijapata nyanya zilizojaa hivyo. Fundi bomba na ahame mtaa kwa aibu! Umewatia nini? Usiniambie, nisije nikaona wivu.

Nimekutumia na mimi picha zangu tatu, nesi kanipiga nikiwa dirishani. Ona wingu lililo juu ya kichwa changu, ona lilivyojipanga! Nywele nimechana kwa heshima yako.

Jambo dogo. Vile viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vya chini ya kitanda, mpe fundi bomba. Mguu wetu ni saizi moja.

Na lingine. Bibi yako mdogo ana chumba cha chini, hakina ngazi. Naona nitabaki kwake nikitoka hapa. Bustani haina shida na mimi, inapendeza kuliko nilivyoiacha. Wewe kaa kwenye nyumba, iwe yako, uendelee kunitumia picha. Zinanitosha.

Babu


9 Mei

Babu!

Shikamoo, haya, wote wazima, wanakusalimu. Tumemaliza salamu.

Umpe nani viatu? Fundi bomba? Vile vyeusi ulivyomwolea bibi, ambavyo hata mimi sikuruhusiwa kuvigusa? Homa yako ni ya kiasi gani? Nimevipiga rangi, nimevirudisha chini ya kitanda, na hapo ndipo vitakapokaa mpaka mwenyewe avivae.

Na hicho chumba cha chini kisicho na ngazi, tangu lini wewe unaogopa ngazi? Umeishi juu ya ngazi maisha yako yote. Mimi sitaki mume wa kwenye bahasha. Nahesabu Jumapili, napiga picha, najipa moyo kwamba ukiona vitu vinapendeza utatamani kurudi. Sasa unaniambia zinakutosha? Kwa hiyo nimekosea wapi?

Halafu mwambie nesi akikupiga picha arudi nyuma kidogo. Kifua nakijua. Mbona zote zinaishia kifuani?

Nimekuwekea maboga. Tazama boga hilo la katikati, Mkaguzi amekaa kando yake anaonekana kama panya. Nani anaweza kukaa mbali na boga kama hilo? Nilimsomea fundi bomba maneno yako kuhusu zile nyanya. Ajabu hakukasirika. Ametembea kifua mbele wiki nzima, anasalimia hadi watoto.

Nijibu kuhusu viatu.

Msusi


27 Mei

Msusi,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitabaki.

Nimekuwa fundi rangi kabla mama yako hajaota meno. Ukuta ulio nyuma ya hilo boga ni wa kijani. Ukuta wangu ni wa chokaa. Tena kijani hiyo naijua, nimeichanganya mwenyewe kwenye ndoo yangu. Na kile kichirizi cha rangi karibu na kona ni changu, nilisahau kukifuta kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ananibishia habari ya samadi. Mwenye nyumba huyo ni nani? Fundi bomba!

Masalale! Nimelala kando ya nyanya za fundi bomba tangu Aprili! Nimezisifu mbele ya daktari! Nimeziita wanangu! Kumbe ndiyo maana anatembea kifua mbele!

Bustani yangu iko wapi? Usiniandikie maneno. Nataka picha kutoka mlango wa jikoni, jua mgongoni, kama tulivyokubaliana. Hata kama kuna jangwa. Hata kama mmejenga choo.

Salamu hazikubaki.

Babu


15 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Usipoitikia ni haki yako.

Mficha uchi hazai. Fungua bahasha ndogo iliyo ndani ya hii kubwa, uzitazame zote, halafu ndiyo usome.

Umeona? Ni mvua ya mawe, Babu! Yako! Ile ile uliyoisubiri maisha yako yote!

Ilikuwa Jumamosi, siku chache tu baada ya kupata barua yako ya talaka. Mteja wangu wa mwisho hakuja, nikarudi mapema. Mbingu ikawa nyeusi huku na njano kule, rangi ambayo hata wewe usingeweza kuichanganya. Nikasikia ko! juu ya bati. Ko! Nikajua ni watoto wa mtaani, nikatoka na ufagio niwachape. Jiwe likanipata katikati ya utosi. Naokota, ni barafu! Nikapiga kelele, "Babu! Babu!" na wewe hata hupo. Nikachukua karai nikalifunika kichwani, mkono mmoja karai, mkono mmoja kamera, nikasimama mlangoni nikaanza kubonyeza. Karai lilikuwa linalia mpaka masikio yakaziba. Mawe yanaruka, yanadunda, yanavingirika hadi jikoni, Mkaguzi kapanda juu ya kabati hataki ukaguzi tena. Nilikuwa nacheka, naapa nilikuwa nacheka, na machozi yananitoka hapohapo. Kila nilipobonyeza nilijua nakupatia kitu ulichokikosa siku zote, na mbele yangu naona nyanya zako zinachanwa vipande vipande. Nilijaribu kukimbia na shuka nizifunike. Shuka lilitoboka.

Ilipoisha bustani ilikuwa nyeupe yote. Baada ya hapo maji yakashuka, yakabeba na udongo wa matuta. Hakuna shina lililobaki.

Niliporudi kutoka studio nikazitandaza mezani. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na sikuweza kukutumia hata moja, maana hakuna hata moja isiyoonyesha nyanya zikifa. Nikakumbuka daktari alivyosema habari ya moyo. Nikaona nikikutumia hizi nitakuwa nimekuua kwa mkono wangu. Nikazifungia kabatini, nikakaa chini nikalia.

Fundi bomba ndiye aliyeniona. Bustani yake ilisalimika kwa sababu alikuwa ametandika wavu wa kuzuia ndege siku ile ile. Alikuja hadi mlango wa jikoni akatazama, hakufanya mzaha hata mmoja. Akasema, "Mzee asijue. Njoo upige kwangu." Kila Jumapili ananifungulia geti, anafuta nyanya vumbi kwa kitambaa, ananiambia upande gani ni mzuri. Nisamehe mimi, na yeye msamehe.

Picha ya mwisho ni ya Jumapili iliyopita, mlango wa jikoni, jua mgongoni. Ndiyo bustani yako hiyo. Udongo mtupu na mfereji uliochimbwa na maji. Lakini usikate tamaa, nakuomba! Fundi bomba ana miche tayari, mwishoni mwa mwezi ujao tunapanda yote, utakuta kila kitu kiko kama zamani.

Mimi nimeonyesha yangu. Zamu yako. Kwa nini viatu, na kwa nini picha zinaishia kifuani?

Msusi


2 Julai

Wee Msusi! Wee! Wee!

Marahaba! Marahaba kwako, kwa mama yako, kwa Mkaguzi na kwa hilo karai! Mawe! Yale yanayodunda, umeyakamata hewani! Na lile ulilolishika kiganjani linayeyuka, linang'aa kama ulimi! Nimepiga kelele mpaka manesi wamekuja mbio na sindano. Nikawaambia wekeni sindano, njooni muone mvua. Daktari kachelewa kuzunguka wodi kwa sababu yako. Yule mzee wa mlangoni kaishika picha karibu na pua kabisa, akasema safari hii anaona mchele. Talaka imefutwa!

Sasa zamu yangu. Nasema mara moja, usilie sana.

Mguu wa kushoto ulikatwa. Ni mwezi ule ule wa Machi, barua yangu ya kwanza haijakufikia. Daktari hakuwa na njia nyingine, kidonda kilishapanda. Nilimwapisha bibi yako mdogo asiseme. Ulikuwa umefurahi mno na kamera yako, ningeanzia wapi? Nikamwambia nesi apige kuanzia kifuani.

Tangu hapo nilikuwa nalala. Naandika barua zenye kelele, halafu nalala. Magongo yalisimama pembeni ya kitanda, nesi anayafuta vumbi. Walinipigia kelele weee, nikasema kesho. Nikitazama ukutani naona nyanya zimejaa, pilipili zimejaa, boga linakaribia kumla paka. Nikawa najiuliza, kiwete aende kufanya nini pale? Kuziba njia? Zinastawi bila yeye. Si kosa lako. Ulinitumia moyo, mimi ndiye niliyeusoma vibaya.

Halafu ikaja hii ya udongo mtupu. Nimeitazama, nikaona huo mfereji. Msusi, nani kayaruhusu maji yapite pale? Yakipita pale tena mwaka huu yanaondoka na ukuta! Nikamwita nesi, hayupo. Nikamwita tena. Sijui nilivyofanya, nilijikuta niko kwenye korido na magongo, nguo ya hospitali imefunguka nyuma, namtafuta daktari anipe ruhusa niende nyumbani. Mlangoni nilianguka. Nikanyanyuka. Manesi walisimama wamefunika midomo, na mimi nawauliza mnashangaa nini, hamjaona mtu mwenye haraka?

Basi sikia maagizo. Msipande kitu! Hata mche mmoja! Fundi bomba akileta miche mrudishie, mwambie asante, na mwambie nimesema asante ya kweli, si ya mdomoni. Nyanya zake ni nzuri. Hilo usimwambie. Huo mfereji uzibeni kwa mawe leo leo. Njia kati ya matuta ipanueni, magongo yapite. Kiatu cha kulia nitunzie. Cha kushoto kifanyie upendavyo.

Natoka mwisho wa mwezi huu. Kila asubuhi natembea hadi jikoni ya hospitali na kurudi, yule paka mnene ameanza kunifuata. Nimekutumia picha, nesi karudi nyuma mpaka akagonga mlango. Nitazame mwili mzima, uzoee kabla sijafika, maana sitaki vilio getini.

Najua unachotaka kuuliza. Daktari naye kaniuliza hivyohivyo, mzee utalimaje? Nikamwuliza kama amewahi kupanda nyanya. Hajawahi. Nikamwambia nyanya hazipandwi kwa kusimama, daktari, wala hazipandwi kwa kutembea. Mtu anapiga magoti kwenye udongo, mche mmoja, anasogea, mche mwingine.

Wamekata chini ya goti, mke wangu. Goti wameniachia.

Mumeo,
Babu